Vikaratasi vya Mdachi na Togwa ya Bibi

Sisi tuliokulia Jidda enzi zile, kabla mji haujaota madaraja na maduka ya vioo, kila mmoja wetu alikuwa na kopo chini ya kitanda. Huyu kakusanya vizibo vya soda, yule stempu, mwengine karatasi za peremende alizozinyoosha kwa ukucha mpaka zikang'aa. Alasiri tukitoka chuo cha Kurani, juzuu zimeshasomwa na fimbo zimeshaliwa, tulikaa ngazini tukabadilishana mali. Kizibo kimoja cha soda ya chungwa kwa viwili vya soda nyeusi, na mkishapeana mikono hakuna kughairi. Nawatazama watoto wa ndugu zetu leo, wana picha elfu ndani ya simu, na ukimwomba mmoja akuonyeshe moja tu, anatelezesha kidole mpaka chai inapoa. Mwisho anakwambia, "Subiri, Shangazi, ilikuwa hapa hapa."

Kopo langu mimi lilikuwa la biskuti, jekundu, limebonyea kifuniko. Ndani yake mlikuwa na vikaratasi vya bia. Ndiyo, bia, mwendo wa saa moja tu kutoka Makka. Msinikunjie uso kabla sijaeleza, maana katika kisa chote hiki hamna tone la bia lililonywewa wala kumwagwa.

Baba yangu, Salim, alikuwa mtunza ghala wa kampuni moja ya ujenzi. Alitoka Unguja baada ya mapinduzi, kijana, yeye na mama yake na sanduku moja la bati. Mwenye kampuni, mzee wa Kihijazi tuliyemwita Ami Hamza, ndiye aliyekuwa kafili wetu, mdhamini wetu mbele ya serikali. Kila mwaka Baba alimpelekea ikama zetu, vile vibali vya kukaa nchini, zikahuishwe, na kila mwaka, mpaka zirudi, nyumba nzima ilizungumza kwa sauti ndogo. Watu wa nchi nyengine wakikosana na makafili wao walifunga virago wakarudi kwao. Sisi hatukuwa na pa kurudi, kwa sababu Unguja aliyoijua Baba ilikuwa imeshamfungia mlango. Hatukuambiwa hayo kwa maneno, lakini hata mimi wa miaka tisa niliyajua.

Kwenye kampuni hiyo kulikuwa na mhandisi wa Kijerumani, Bwana Werner, ambaye Bibi yangu hakuwahi kumwita kwa jina. Kwake alikuwa Mdachi, kama wazee wake walivyowaita Wajerumani wote. Mke wa Mdachi alibaki kwao, na Baba alimwonea huruma kula peke yake siku ya Ijumaa, akamkaribisha. Alikuja na suruali iliyopigwa pasi sana, akavua viatu mlangoni, akala wali wa nazi kwa mkono huku nusu yake ikimdondokea mapajani. Tangu siku hiyo hakukosa Ijumaa.

Mara moja alikuja na boksi la viatu. Ndani yake mlijaa vikaratasi vigumu, vya duara, ambavyo kwao huwekwa chini ya bilauri ya bia ili meza isirowe. Kila kimoja kilikuwa na picha: mbuzi aliyesimama kwa miguu miwili, mzee wa ndevu aliyevaa joho refu na kamba kiunoni, gurudumu la maji, mnara wenye kuba katikati ya masuke ya ngano. Alieleza, Baba akimtafsiria Bibi, kwamba zamani kila mji mdogo wa kwao ulikuwa na kiwanda chake cha bia, na kila bia ilikuwa na tabia yake. Sasa wakubwa walikuwa wanawameza wadogo. Yeye hakukusanya kikaratasi cha kiwanda kilicho hai hata kimoja. Alikusanya vya viwanda vilivyokufa tu. "Aliye hai atajitangaza mwenyewe," alisema. Nyuma ya kila kikaratasi aliandika kwa penseli jina la mji, siku ya mwisho aliyokunywa pale, na mto uliotoa maji ya kupikia. Hakuvipanga kwa herufi wala kwa rangi, alivipanga kwa mito, kwa kuwa kwake yeye bia ni maji kwanza na mengine yote hufuata baadaye.

Nilikaa naye mkekani tukivipanga, nikaijua mito ya Ujerumani kabla sijaijua mikoa ya Saudia. Kulikuwa na masharti: mikono iwe mikavu, usikunje, na kabla hujakirudisha kikaratasi mahali pake, kinuse. Mimi nilisikia vumbi na kabati, lakini yeye alifumba macho. Alitusimulia bia ya moshi ya mji wa mama yake, ambayo shayiri yake ilikaushwa juu ya moto wa kuni, na Bibi akauliza kama ilinuka samaki wa kubanika. Mdachi alifikiri sana, akasema ndiyo, kidogo. Alitusimulia bia nyeusi waliyopika watawa ili iwashibishe wakati wa kufunga kwao, na Bibi akasema kufunga huko hata yeye angekuweza. Kisha akasimulia bia ya ngano ya ule mji wenye mnara, ambayo ilinukia karafuu.

Hapo Bibi alikaa sawa. "Mwulize hiyo karafuu walinunua kwa nani."

Mdachi akaeleza kuwa hawatii karafuu, harufu inakuja wakati bia inapoumuka. Bibi hakukubali. "Karafuu haiji yenyewe popote," alisema. "Mwambie watakuwa wamepita Pemba." Mpaka anakufa aliamini kwamba Wadachi walituficha jambo.

Urafiki wao hasa ulianzia juu ya paa. Mnazikumbuka nyumba zetu za zamani, paa ndilo lilikuwa sebule, ndilo jiko, na siku za joto ndilo chumba cha kulala. Ijumaa moja Mdachi alipanda kututazamia tangi la maji lililokuwa likivuja, akamkuta Bibi ameanika ulezi uliochipua juu ya kitambaa cheupe. Alipiga magoti. Alichukua punje moja, akaitafuna, akamtazama Bibi kwa macho ya mtu aliyekutana na jamaa yake ugenini. Kumbe kazi ya kwao nayo huanza hivyo hivyo: nafaka huroweshwa ikachipua, ikakaushwa, ikasagwa. Bibi alikuwa anatengeneza kimea cha togwa.

Togwa ya Bibi, wenzangu. Alipika uji mzito, akauacha upoe mpaka kidole kinauvumilia, akatia kimea, akaufunika na kuuacha ulale. Asubuhi ule uji ulikuwa umelegea, umekuwa kinywaji kitamu chenye ukali kidogo wa kuchoma ncha ya ulimi. Sheria yake ilikuwa moja: tunakunywa siku ya kwanza, na siku ya pili mwisho adhuhuri. "Ikianza kupumua," alisema, "hiyo si yetu tena," na aliimwaga hata kama mtungi umejaa. Na kila akishaonja alilaumu maji. Maji ya Jidda yalitoka baharini yakapitishwa kiwandani, na Bibi alisema maji yaliyosumbuliwa namna hiyo hayana la kusema. Togwa yenyewe ilitaka maji ya kisima cha kwao Makunduchi. Baba alipomtafsiria Mdachi maneno hayo, mwenyewe aliweka bilauri chini akasema Jidda nzima hajapata mtu anayeielewa bia isipokuwa mama huyu. Baba hakuyatafsiri hayo.

Mdachi hakuja kugombana na sheria za nchi ya watu. Ramadhani alinunua subia, kinywaji kile cha shayiri, nyekundu na nyeupe, iliyouzwa kwenye mifuko ya nailoni iliyopigwa fundo. Nyinyi mliokulia kule mnajua ilivyokuwa ikitutiririkia mpaka viwikoni. Alikwenda kwa wauzaji watatu wa mitaa mitatu, akaonja, akaandika daftarini tofauti zao, na wa tatu akamwuliza kama ametumwa na baladia, wale wa halmashauri ya mji, kukagua usafi. Siku hizi subia inauzwa kwenye chupa zenye lebo, baridi, safi, na ladha yake ni moja mji mzima. Nainywa, lakini sina cha kuandika.

Mkataba wake ulipokwisha alinipa vikaratasi vyake vya ziada, ishirini na vitatu. Kimoja kati ya hivyo, cha mnara na ngano, kilikuwa hakijaandikwa kitu nyuma, naye akamchora Bibi hapo kwa penseli, amekaa, kanga kichwani, mtungi mbele yake. Chini akaandika: Togwa. Bibi Zuwena. Pale panapoandikwa siku ya mwisho ya kunywa, aliandika siku ile ya kuagana. Pale pa mto aliandika: Kisima cha Makunduchi. Bibi, ambaye maisha yake yote hakukubali kupigwa picha, alikitazama kwa muda mrefu. "Pua si yangu," alisema, kisha akaniambia nikitunze vizuri.

Sasa nifike kwenye kosa. Miezi michache baadaye alizaliwa mdogo wangu Nassor, na Baba akafanya akika. Wanaume walialikwa alasiri, na mgeni wa mbele alikuwa Ami Hamza. Kwetu bilauri ya mgeni haiwekwi tupu, lazima iwe na kisahani chake, na visahani vya Mama vilikuwa kumi na viwili kwa wageni thelathini. Bibi aliyasoma maandishi ya Kiarabu bila kukwama, lakini herufi za Kizungu hakujua hata moja. Akalikumbuka kopo langu. Yule mzee wa joho na ndevu alimhesabu kuwa mwanachuoni. Mnara wenye kuba alidhani ni msikiti. Akavipanga kwenye sinia, bilauri ya sharbati juu ya kila kimoja, na cha mbele kabisa, cha kafili, kwa heshima, akaweka kile cha mnara, chenye sura yake mwenyewe upande wa chini.

Baba alilichukua sinia bila kuangalia kilichokuwa chini ya bilauri. Mimi nilisimama mlangoni na mrashi, nikisubiri kuwarashia wageni marashi. Ami Hamza alipewa wa kwanza. Aliinua bilauri, akanywa, akakitazama kikaratasi alichoachiwa mkononi. Alikuwa amefanya kazi na Wajerumani miaka, na lile neno lao la bia lilikuwa fupi na limeandikwa kubwa. Akakigeuza. Akaangalia upande wa pili, akaniangalia mimi, akakitia kwenye mfuko wa kanzu yake. Halafu akacheka kwa sauti. "Ya Salim, sisi leo tumekuwa wageni hapa? Yalla, ondoa makaratasi yako haya, tunywe kindugu."

Baba akalitazama sinia, na hapo hapo rangi yake ikabadilika. Alirudi nalo ndani upesi, na bilauri nyengine zote zikaenda bila kitu chini. Hakuna mgeni mwengine aliyeona.

Wageni walipoondoka Baba alikaa chini jikoni akashusha pumzi. "Hakuona," alimwambia Mama. "Alikuwa anatania tu. Alhamdulillahi, hakuona." Alianza hata kucheka. Mimi nikasema, "Kaona, Baba. Kakisoma, kisha kakitia mfukoni."

Sikusema kwa ubaya. Nilitaka aende akaniombee, nirudishiwe kikaratasi changu. Uso wa Baba wakati ule ninao mpaka leo. "Halas, yamekwisha," alisema polepole. Ikama zetu zote zilikuwa kwa Ami Hamza tangu mwanzo wa wiki.

Kesho yake, baada ya alasiri, Baba aliwasha seredani juu ya paa akaniambia nitie vikaratasi mwenyewe, kwa kuwa ni vyangu. Nilivitia kimoja kimoja. Kila kimoja nilikinusa kwanza. Bibi alikaa pembeni na ndipo alipotaka kusomewa kilichoandikwa, na Baba akamwambia.

"Na yule mwanachuoni?" aliuliza.

"Mpika bia, Mama."

Bibi aliomba msamaha kwa Mungu mara tatu. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Lakini ana uso mwema." Baba aligeuka akatazama upande wa pili, na sijui kama alicheka au alilia.

Tulingoja siku kumi na tisa. Mama alilifungua lile sanduku la bati akalifunga tena, bila kutia kitu. Siku ya ishirini Baba alirudi na ikama, zimehuishwa zote, na Ami Hamza hakusema neno. Mtu mwengine angefurahi. Baba alikiona kile kimya kuwa ndilo jambo lenyewe: mwenzake ana ushahidi mfukoni, anauweka kwa siku yake.

Kazi ilipohamia Riyadh tulihama nayo, tukapanga fleti mtaa wa Malaz, chini ya kafili yule yule. Wenzetu wa Malaz mtaikumbuka miti yake na ngazi zake zilizonuka bizari za nchi kumi. Maisha yalikuwa mazuri, nisidanganye. Lakini Baba hakuomba nyongeza ya mshahara hata mara moja, wala likizo, wala ruhusa ya kuhamia kwa mwajiri mwengine aliyemtaka na kumwahidi nyumba. Kila mwaka, wiki ya ikama, alifunga siku tatu. Hata kile kinywaji cha shayiri cha kopo, kisicho na kilevi, ambacho kila mtoto wa Riyadh alikunywa na ndizi za kukaanga, hakikuvuka mlango wetu. Bibi alifariki pale pale Malaz, na hatukuwa na picha yake hata moja. Mara nyengine nilijaribu kuikumbuka sura yake nikaishia kukumbuka ile pua isiyo yake.

Baba alifariki mwaka jana. Siku ya tatu ya tanzia, mtoto wa Ami Hamza, ambaye sasa mwenyewe anatembelea mkongojo, alikuja kwa ndege kutoka Jidda. Baba yake alikwisha kufa zamani. Alikaa na wanaume, akasoma, akanywa kahawa, kisha akamwita Nassor pembeni akampa bahasha. Nassor aliniletea jikoni. "Dada, anasema hii ni yako."

Ndani mlikuwa na kikaratasi cha mnara na masuke ya ngano. Nyuma, Bibi amekaa na mtungi wake. Penseli ilikuwa imefifia, lakini pua ilikuwepo. Chini yake kulikuwa na mstari wa wino, kwa Kiarabu: Amana ya nyumba ya Salim. Irudishwe siku ambayo hatakuwepo wa kuona haya.

Yule mzee alimweleza Nassor yote. Siku ya akika, kuliani kwa Ami Hamza alikaa mtu mmoja wa ofisini, mwepesi sana wa kupeleka habari, na bilauri iliyofuata ilikuwa yake. Kwa hiyo Ami Hamza alikitia kikaratasi mfukoni akafanya mzaha ili sinia lirudi ndani. Alitaka kukirudisha mara nyingi, maana alijua picha ya mama mtu si kitu cha kukaa nacho. Lakini kumrudishia Salim ni kumwambia Salim kwamba ameona. Akakiweka kwenye sefu, pamoja na karatasi za wafanyakazi. "Na kila mwaka," alisema mtoto wake, "Baba alikuwa akituuliza, mbona Salim haniombi kitu? Wenzake wote wanaomba. Ana nini na mimi?"

Sasa nakaa nacho mezani, mikono mikavu. Chini ya fleti yetu pamefunguliwa mkahawa, na vijana wanawekewa vinywaji vya rangi tatu juu ya vikaratasi vya duara vyenye herufi za Kijerumani, pambo tu, na hakuna anayevigeuza kuona nyuma. Binti wa Nassor alikiona changu akainua simu. "Shangazi, nikipige nikiweke mtandaoni? Watu watakipenda." Nikamwambia teremsha simu yako, mwanangu, kwanza njoo ukinuse. Alinusa, akasema hakinuki kitu. Akaniuliza togwa ina ladha gani, nikaanza kumweleza, nikakuta nataja maji ya kisima ambacho mimi mwenyewe sijawahi kukiona.

Sisemi enzi zetu watu wote walikuwa wema. Yule mpeleka habari naye alikuwa wa enzi zetu. Lakini siku hizi mtu akijikwaa tu, simu kumi zimeshamwelekea kabla hajanyanyuka. Enzi zile alikuwapo mtu aliyeiona aibu ya mwenzake, akaitia mfukoni, akakaa nayo mpaka kaburini. Baba yangu aliishi miaka yote hiyo akimwogopa mtu aliyemsitiri. Na aliyemfundisha kumwogopa ni mimi, mtoto wa miaka tisa mwenye mrashi mkononi, niliyetaka tu nirudishiwe kikaratasi changu. Nimerudishiwa.